Mkalimani wa Sotoka

Nilipomaliza darasa la nane, baba yangu aliniita nyuma ya zizi, mahali alipozoea kuzungumzia mambo mazito, akaniuliza nimejifunza nini miaka yote hiyo. Nikamwambia ukweli. Nimejifunza kupenda vitabu. Alimtazama fahali wake mweusi kwa huruma, kwa sababu mama yake fahali yule aliuzwa ili mimi nipate kaptula ya shule.

"Mura," akasema, kama baba wa Kikurya anavyomwita kijana wake, "mtu anayependa vitabu hufanya kazi gani?"

"Ziko nyingi, tata."

"Nitajie moja."

Fahali akapiga chafya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na kijijini kwetu Susuni kazi za watu waliosoma zilijulikana kama vilima vinavyojulikana. Kulikuwa na ualimu, ukarani, ukatekista, na kufunga vidonda zahanati. Damu nilikuwa naiogopa. Ukatekista haukuwezekana kwa sababu mchungaji wetu alikwisha sema kwamba ninasoma maandiko kwa nia mbaya: badala ya kutafuta wokovu, nilitaka kujua yaliyowapata watu waliotajwa mara moja tu na kuachwa njiani. Ualimu nao niliukosa siku ya usaili. Mkaguzi aliniuliza ningewafundishaje watoto kugawanya. Nikaanza kumweleza habari ya ndugu wawili waliogombania urithi wa mbuzi, na nilipofika pale mdogo anapoondoka nyumbani akilia, mkaguzi alikuwa ameshamwita mwingine.

Hapa nieleze ugonjwa wangu wa maneno ulivyokuwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka Tanga, na vitabu alivyoniazima vilijaa bahari. Mimi, mtoto wa mlimani niliyelelewa kwa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, nikaanza kusema mawimbi, lulu na upepo wa kusi. Nilimwambia mama kwamba macho yake yanang'aa kama lulu ya vilindini. Mama hakujua Kiswahili, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuona yalikuwa ya Mto Mori wakati wa masika. Alimuuliza dada yangu kama nina homa.

Basi ukabaki ukarani. Mjomba wangu alizungumza na chifu, nikapewa kiti na wino kwenye baraza lake la kesi. Kazi ilikuwa kuandika nani amemshtaki nani, kwa nini, na chifu ameamua nini. Kazi rahisi. Kesi yangu ya kwanza ilihusu ndama aliyeingia katika shamba la mihogo la mjane. Niliiandika kwa moyo wangu wote. Nilianza na jua likichomoza, nikaeleza umande juu ya majani ya mihogo, kisha kwato za ndama zikiukanyaga umande ule bila kujua zinavunja moyo wa mama mkiwa. Jioni chifu akaniambia nimsomee. Nikasimama, nikasoma kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi. Alinisikiliza amefumba macho, nami nikadhani ameguswa.

"Karani," akasema, "hapo jua limeshtakiwa?"

"Hapana, chifu."

"Umande je?"

"Hapana, chifu."

"Mwenye ndama ni nani?"

Niliangalia karatasi yangu juu mpaka chini. Mwenye ndama nilikuwa nimemsahau. Mwenyewe alikuwapo, amekaa kwenye benchi. Alipoona hakuandikwa, alisimama, akaaga kwa adabu, akaondoka zake nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kumzuia kwa sheria yoyote. Mjane alinitazama kwa namna ambayo bado naiona hadi leo.

Chifu hakunifukuza. Alikuwa mtu mpole, na zaidi ya hapo alimheshimu mjomba wangu. Alifanya jambo la busara zaidi: alinitoa zawadi. Siku zile alikuja bwana mifugo mpya kutoka Bukoba, mtu mrefu, mkavu, asiyejua neno hata moja la Kikurya, akiomba mkalimani wa kumsaidia kazi ya kuchanja ng'ombe. Chifu akaniweka mbele yake akisema, "Huyu maneno anayo. Hutakosa maneno."

Nilifurahi kupita kiasi. Niliona kwamba nimefika. Mkalimani, nilijiambia, ni mwandishi anayesikilizwa papo hapo.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Ringwani. Tulipanda lori, tukavuka Mto Mara kwa kivuko, tukafika mchana tumepakwa vumbi kama viazi. Watu wa kule si Wakurya wa kwetu, lakini lugha yao na yetu ni ndugu, tunasikilizana. Wazee walikwisha kusanyika karibu na zizi la miti lililojengwa pamoja na njia nyembamba ya kupitishia ng'ombe mmoja mmoja. Niliwaamkia shikamoo wote, kila mzee na shikamoo yake. Bwana mifugo akasimama kwenye kisiki, akasema maneno yake yote kwa pumzi moja:

"Habari zenu. Huku kwenu hakuna sotoka. Tunataka isije. Kesho asubuhi leteni ng'ombe wachomwe sindano. Ahsanteni."

Akashuka. Akaniashiria nitafsiri.

Nilitazama zile nyuso. Wazee na fimbo zao, wake zao nyuma, vijana wameegemea miti ya zizi. Katika maisha yangu sikuwahi kupata wasikilizaji wengi namna ile, na huyu bwana alikuwa amenipa sentensi tano zisizo na nyama. Niliona ni dhuluma. Nikaamua kuanza na sotoka yenyewe, ugonjwa ule wa ng'ombe, ili watu waelewe tunazungumzia nini.

Bibi yangu alikuwa amenisimulia sotoka ya zamani, ile iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu. Nikawapa yote. Niliwaeleza fahali aliyesimama asubuhi na kuanguka adhuhuri. Nikawaeleza machozi ya ng'ombe, usaha puani, tai walioshiba wakashindwa kuruka. Nikaeleza mtu aliyekuwa na mazizi matatu akibaki na kengele mkononi, akiigonga gonga jioni kuwaita ng'ombe wasiokuwepo. Hiyo kengele bibi hakuisema. Niliitunga palepale, na nilijipongeza kimoyomoyo. Mama mmoja akajifunika uso na kanga. Mzee mmoja akaketi chini polepole. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi. Nilipofika mwisho, koo lilikuwa limenikauka, nikamalizia kwa kusema, "Kesho asubuhi, ng'ombe waletwe hapa."

Watu wakaanza kuondoka, haraka haraka, bila kuaga.

"Wamekubali?" bwana mifugo akauliza.

"Wameguswa sana," nikamjibu.

Asubuhi tulipanga sindano na dawa juu ya meza, tukangoja. Jua likapanda. Hakuna ng'ombe. Hakuna mtu. Hata moshi haukuonekana kwenye nyumba za jirani. Kisha, kwenye njia itokayo mtoni, akatokea mzee mmoja akiswaga ng'ombe wake wachache, bila wasiwasi wowote. Tulimpokea kama mfalme. Nikamwamkia, hakuitika. Nikarudia kwa sauti kubwa, akanionyesha sikio lake na kutikisa kichwa. Alikuwa kiziwi. Jana yake alisimama mstari wa mbele na kuona bwana mifugo akionyesha zizi kwa kidole na kufanya ishara ya sindano, akaelewa yote. Katika kijiji kizima, aliyeelewa ujumbe wetu ni mtu ambaye hakulisikia neno langu hata moja.

Ng'ombe wake walipokwisha kuchanjwa, bwana mifugo akanigeukia.

"Jana uliwaambia nini?"

"Ulichosema, bwana."

"Mimi nilisema kidogo. Wewe ulisema mpaka kivuli changu kikahama. Uliwaambia kwamba ugonjwa haupo?"

Nikatafuta kichwani. Niliipata kengele, nikawapata tai, nikayapata machozi. Neno "haupo" sikulipata mahali popote.

Tukafuata nyayo za ng'ombe hadi vilimani. Tulipanda sana, yeye kimya mbele, mimi nyuma na begi la dawa, bila tamathali yoyote ya usemi. Tuliwakuta watu wamejificha korongoni na mifugo yao yote, watoto, kuku, na hata vyungu. Mzee aliyewaongoza alinyanyua fimbo tulipokaribia.

"Simameni hapohapo. Mmetuletea sotoka?"

"Hapana, mzee," nikasema.

"Iko wapi?"

"Haipo."

"Iko vijiji vya jirani?"

"Haipo, mzee. Sindano ni ya kuizuia isije."

"Sindano inaua?"

"Hapana. Inauma kidogo tu."

Akaiteremsha fimbo. Akanitazama sana, kisha akawatazama wenzake, ambao walikuwa wamelala nje kwenye baridi kwa sababu yangu.

"Sasa, kijana, hayo maneno ulishindwa kuyasema jana kwa nini?"

Bwana mifugo aliuliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria, safari hii neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Wazee nao wakaanza kucheka, ingawa walikuwa na haki ya kunipiga. Tukateremka wote pamoja, na kazi ya kuchanja ikaendelea mpaka jioni. Lakini nisisahau hili: tulipokuwa tunapumzika, mama yule aliyejifunika kanga alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule mwenye kengele, baadaye alipata ng'ombe wengine?" Nikamwambia alipata. Aliondoka ameridhika. Ilikuwa sifa yangu ya kwanza kama mtunzi, na niliificha bwana mifugo asiione.

Tuliporudi Tarime, aliniaga kwa kunipa mkono vizuri kabisa, akaniambia nitafute kazi ambayo haina haraka.

Niliipata Nyamisangura, katika duka la chumvi, sukari, mafuta ya taa na vitambaa. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima, mjane, asiyejua kusoma, aliyenunua magazeti makuukuu kwa ajili ya kufungia bidhaa. Kazi yangu ilikuwa kupima chumvi na kuisokota ndani ya ukurasa. Unaweza kukisia. Sikuweza kusokota ukurasa kabla ya kuusoma. Wateja walipanga mstari mpaka barabarani wakinisubiri nimalize habari ya mazishi ya mtu wasiyemjua, katika mji wasioujua. Mama akanigombeza.

"Mwanangu, unauza chumvi au unaitafuta kwenye maandishi?"

"Namalizia, mama."

"Kama lazima usome, basi soma kwa sauti, wanaosubiri wapate kitu."

Nikaanza kusoma kwa sauti, na kuwatafsiria wasiojua Kiswahili, Kikurya kwa hawa na Kijaluo kibovu kwa wale. Magazeti mengine yalikuwa na hadithi za vipande vipande. Siku moja mwanamke mmoja alirudi na karatasi ya chumvi aliyonunua wiki iliyopita, imekunjwa vizuri, akaiweka mezani.

"Hii imeishia binti akiwa mlangoni," akasema. "Shemeji yangu kanisomea. Aliingia, hakuingia?"

Kipande kilichofuata nilikuwa nimekifungia sukari ya mtu wa Sirari. Tukaulizana dukani pale nani anamjua huyo mtu. Alijulikana. Mama mwenye duka akakunja uso, akatazama foleni, kisha akavua shingoni funguo za kisanduku cha fedha, akanihesabia nauli.

"Nenda," akaniambia, "lakini usikae huko. Na mimi nataka kujua."