Mbao Mbili Ambazo Sikuzipigilia Mimi

Nilikuwa nimelala chali chini ya stendi niliyoijenga mwenyewe, futi ya kupimia mkononi, nikitafuta ushahidi wa kumuumbua fundi wa watu.

Nikaona mbao mbili ambazo sikuziweka mimi.

Moja ilikata mshazari nyuma, upande wa ukutani. Nyingine ubavuni, ikifichwa na tangi la maji. Skrubu nane, zote zimezama sawasawa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mke wangu alitaka kuotesha letusi bila udongo: sinia kubwa la plastiki, pampu inalijaza maji mara nne kwa siku, mizizi inakunywa, maji yanarudi kwenye tangi lililo chini. Sinia lilihitaji stendi imara ya mbao.

Nikapiga hesabu. Maji, kilo mia mbili. Sinia na mimea, kilo ishirini. Miguu minne, kila mmoja kilo hamsini na tano. Mbao za mbili kwa nne zinabeba mzigo huo bila kuhema.

Baba mkwe wangu, seremala aliyestaafu, akaja kuiona. Aliisukuma ubavuni kwa kiganja.

"Inacheza, mwanangu. Itie mishazari, mbao za kukata kona hadi kona."

"Baba, uzito unashuka chini, hauendi pembeni. Hesabu haidanganyi."

"Na maji yakiingia kwa upande mmoja je?"

Nikacheka. Mbele ya binti yake, nikamwambia mzee yule kwamba enzi za ufundi wa kubahatisha zimepita.

Akachukua kofia yake. "Haya, Profesa."

Stendi ikasimama. Mwezi, miezi miwili. Kila mgeni nilimpeleka akaione. Niliipiga picha nyingi, zote kwa mbele. Kuhudumia mboga ilikuwa kazi ya mke wangu.

Kisha mdogo wangu wa kike, aliyeacha kazi ili auze letusi, akaniomba mchoro. Hoteli ilikuwa imekubali kuchukua mavuno yake ya kwanza. Nikamtumia, tena kwa onyo: "Mwambie fundi wako asiongeze wala kupunguza kitu."

Siku nne kabla ya kuvuna, akanipigia simu. Nikakimbilia kwake.

Nilikuta sinia sakafuni, letusi zimetapakaa kwenye maji, miguu ya stendi imelala yote upande mmoja. Fundi wake alikuwa amechuchumaa, anaokota skrubu.

"Hiki nacho ni kitu gani?" nikamfokea, majirani wakisikia. "Hivi wewe ni fundi, au ulipita tu ukaokota nyundo?"

"Mwalimu, nimefuata mchoro wako. Nilitaka kuweka mishazari, dada akasema umekataza."

"Mchoro ni huohuo na yangu imesimama! Naenda kuipima, nitakuletea vipimo uone ulipokosea."

Ndivyo nilivyofika chini ya stendi.

Nikampigia baba mkwe. "Baba, kumbe uliingia hapa kimyakimya ukaniwekea mishazari?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nipige magoti chini ya stendi, kwa magoti haya? Wewe Profesa, ulioa binti wa seremala. Ulidhani alikulia wapi?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono.

"Ni wewe?"

"Siku ya kwanza nilipowasha pampu. Maji yaliingia, stendi ikayumba. Ulipokwenda kazini nikaazima msumeno wa baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa umekaa hapo kwenye kochi. Ukasema, 'Hesabu nimeshamaliza, niletee maji ya kunywa.' Nikakuletea."

Nilikumbuka. Hata glasi niliikumbuka.

"Ungeniambia unampa wifi mchoro," akasema taratibu, "ningeuongezea mistari miwili tu. Nimesikia leo."

Nikarudi kwa mdogo wangu. Majirani walikuwa bado wapo, na nilihakikisha wananisikia.

"Fundi, kosa ni langu. Mchoro ulikuwa na upungufu, wewe uliuona, mimi nikakutukana. Nisamehe."

Akachukua msumeno. "Sawa, Mwalimu. Basi shika mbao huku, nikate."

Nikashika. Mdogo wangu alipita mara tatu akichota maji kwa ndoo, hakunitazama. Hoteli ilikuwa imeshatafuta muuzaji mwingine.

Hesabu zangu nimezirudia. Hazina kosa hata moja. Nilikokotoa uzito wa maji yaliyotulia, nikasahau kwamba maji yale kazi yake ni kuingia na kutoka, na kila yanapoingia yanasukuma.

Baba mkwe aliliona hilo kwa kiganja. Mke wangu aliliona kwa macho. Fundi aliliona kwenye karatasi. Mimi peke yangu ndiye niliyehitaji sinia lianguke.

Wewe unayesoma, mtu akikuambia kazi yako inacheza, isukume kwanza. Kubisha utapata muda.