Mume Huuliziwa, Daktari Je?

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu, kisha nasema alhamdulillahi. Usidhani nilikuwa msichana. Nilikuwa mama wa watoto wanne, hapa hapa Faza, lakini mbele ya mamangu mzazi nilikuwa kijana bado, na siku ile akili yangu ilikuwa ya kijana kweli.

Mama alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alifika pahala akawa ananijua kwa sauti tu, na akienda msalani hupapasa ukuta. Iliniuma sana. Nikasikia kule Lamu mjini, mtaa wa Langoni, kuna daktari amekodi chumba, anapasua macho na mgonjwa anarudi kwao siku hiyo hiyo. Nikapanda boti kwenda kumwona.

Lo, kijana ana adabu! Koti jeupe limepigwa pasi, cheti ukutani ndani ya fremu, salamu zake ndefu, wazee wangu kaniulizia mmoja mmoja. Aliponiambia babu yake ni Bwana Fumo wa Siyu, basi, nikaona nimefika. Sisi watu wa visiwani ndivyo tulivyo: tukishajua mtu ni mjukuu wa nani, hatuna swali tena. Nikachukua kadi yake, nikapangiwa Alhamisi, nikarudi Faza nimevimba kichwa.

Mama alikuwa kitandani na tasbihi yake. "Umemuulizia?"

"Nimemuulizia, mama. Ni mjukuu wa Bwana Fumo wa Siyu."

Akaiweka tasbihi. "Bwana Fumo namjua. Alikuwa akishona viatu vya makubadhi vizuri sana. Kwani mimi naenda kushonewa makubadhi?"

Nikajitia kukunja shuka. Hakuniacha.

"Mumeo alipokuja kukuposa, babako alituma watu mpaka Kiwayu kumuulizia. Kazi yake, tabia yake, alikotoka. Miezi miwili! Na mume ukikosea, iko talaka. Huyu akinikosea mato yangu, nitataliki nini?"

"Lakini mama, nitamuulizaje mtu mzima karatasi zake? Si kumvunjia heshima?"

"Mumeo tulimuulizia, mbona hakuvunjika? Ondoka, katafute ndia ya kumjua."

Wallahi niliondoka nimenuna. Jirani yetu alikuwa Mwalimu Mutua, mtu wa bara aliyekuwa akisomesha shule ya hapa. Kumweleza, akacheka, akatoa simu. Akaniambia majina ya madaktari waliosajiliwa nchini yamewekwa wazi mtandaoni, mtu yeyote huyatafuta bila kuomba ruhusa ya mtu. Na mimi miaka yote nikidhani mambo hayo ni siri ya serikali! Tukaandika jina la kijana wangu. Halimo. Tukaligeuza hivi na hivi, halimo. Tukajaribu ile namba ya usajili iliyokuwa kwenye kadi yake. Hiyo ikatokea, mwanangu. Ilikuwa namba ya mwanamke, tena daktari wa meno.

Nikakaa pale barazani kwa mwalimu. Hata hivyo sikutaka kumdhulumu mtu, makosa huwapo. Nikampigia simu, nikamuuliza kwa upole, "Daktari, namba hii ni yako?" Unajua alinijibu nini?

"Bi Mwanaheri, kwani babu yangu humjui?"

Namuuliza namba, ananitajia babu! Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu akanisaidia kupeleka taarifa kwa wanaohusika, na haikupita wiki, chumba kile cha Langoni kilikuwa na kufuli.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa ndia ya mama. Nikaambiwa kule hospitali ya Lamu kuna daktari wa macho, Daktari Kerubo, binti wa bara. Kusema kweli, siku za nyuma ningemkataa: ukoo wake siujui, na salamu yake fupi. Lakini tulipomtafuta, jina lilikuwemo, namba yake ni yake, ubingwa wake ni wa macho, leseni yake ya mwaka ule ule. Mwalimu akapiga simu hospitali alikokuwa akifanya kazi kabla, wakamsifu. Nami nilipomwambia mwenyewe kwamba tumemchungua, nikitazama chini kwa haya, alitabasamu. "Umefanya vizuri, mama. Natamani wote wangeuliza."

Basi akampasua mama jicho la kwanza, na siku ya kufunguliwa bandeji nilikaa mbele yake. Akapepesa. Akanitazama, akanitazama tena.

"Mwanaheri, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona umezeeka hivi?"

Nililia na kucheka pamoja, mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Sijawahi kutukanwa nikafurahi kama siku ile.

Mwanangu, nyumba njema si mlango. Wahenga wanamalizia, fungua uingie ndani. Koti ni mlango, na cheti cha ukutani ni mlango. Hata babu ni mlango, ijapokuwa Bwana Fumo wa watu hakuwa na kosa lolote. Kabla hujamkabidhi mtu mwili wako au wa mzazi wako, litafute jina lake kwenye orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Tazama namba ni ya nani, ubingwa wake ni wa nini, leseni yake kama ingali hai, kisha uulize alikofanya kazi. Usione haya. Aliye wa kweli hakasiriki kuulizwa, na akikujibu kwa kukutajia ukoo, chukua kanga yako uondoke.

Mola akupe afya, na ukiumwa akukutanishe na mikono inayojua kazi yake. Na mamako amuweke, akuone ukizeeka, akucheke kama wangu alivyonicheka. Amin.