Libanga Kwenye Matanga

Libanga sijawahi kuipenda. Kwa asiyeijua: mwanamuziki wetu hutupia katikati ya wimbo majina ya wenye pesa, nao wakisikia wameitwa husimama kifua mbele na kumbandika noti kwenye paji la uso. Kaka yangu alizaliwa Nyabiondo, kwenye maharagwe na mihogo, akapata sifa Goma kwa libanga. Wimbo mmoja tu alimtupia mama yetu. Mwishoni gita linanyamaza, naye anamwita kwa jina lake la usichana, ambalo hata baba hakulitaja mbele ya watu.

Kaka alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, ambao tulifichwa hadi mwisho, mama hakutaka jeneza la vioo wala fulana zenye picha. Aliomba wimbo ule upigwe kabla ya mazishi, asikie akiitwa kwa mara ya mwisho.

Basi akaja mheshimiwa mmoja kutoka mjini, na bafle zake za kupigia muziki, na kamera, na mbuzi wa kuchinjwa, na vijana wa kumshangilia. Matope yetu yalimchafulia viatu, akavipangusa kwa kitenge cha mfiwa.

Wimbo ukaanza. Mama alijua mahali pake. Gita liliponyamaza, alikuwa ameshasimama. Likatoka jina la mheshimiwa.

Mwenye jina akainuka huku akicheka, noti mkononi.

"Mama, sogea kidogo, kamera iko huku."

Mama akasogea. Noti ile mheshimiwa akaibandika kwenye picha ya kaka yangu juu ya jeneza, kwenye paji la uso, kwa mate. Kwa mate! Na watu wakapiga makofi, hata shangazi zangu, midomo ikingali na mafuta ya mbuzi wake.

Nikamvamia kijana wa bafle: mwizi wewe, mmeukata wimbo!

"Dada, atukukata kitu. Njo yeye mwenyewe alirudilia kuimba ku studio, siku zake za mwisho. Sikiliza."

Ilikuwa sauti ya kaka kweli. Hapo kinyaa changu kikamfikia hata yeye ndani ya jeneza. Umemuuza mama, nikamwambia moyoni.

"Rudisha tena," mama akasema nyuma yangu. Akasikiliza ameinamisha kichwa, jinsi alivyotusikiliza vifua tukiwa wadogo.

"Unasikia?" akaniuliza. "Mbele ya hiyo jina, pumzi inamukatikia. Hawa batu balimuimbisha akiwa mugonjwa."