Baba wa Ndoa wa Nne

Wewe ukioa leo, utamchagua baba wa ndoa anayekujua, au anayejulikana?

Crisanto Bayudan alikuwa ameshachagua, na ndiyo maana hakuweza kutulia. Alikuwa mchoraji ramani za majengo mjini Iloilo, umri miaka ishirini na saba. Mkataba wake wa kazi ulibakiza wiki tatu, harusi yake wiki mbili. Kila mwezi alikwenda kwenye chakula cha jioni cha chama cha wahandisi, akazunguka meza hadi meza kama mhudumu, akigawa kadi zake kwa mikono miwili. Miaka miwili ya kuzunguka. Droo yake ilijaa kadi za wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia simu kumuuliza ameshindaje.

Jioni hiyo alimvizia Mhandisi Montalbo kwenye meza ya matunda. Kampuni ya Montalbo ndiyo iliyopewa kujenga hospitali mpya ya mkoa.

"Mhandisi, naomba uwe ninong wangu. Baba wa ndoa yangu, wa kunisimamia kanisani."

Montalbo alimeza kipande cha nanasi. "Wewe wa nne mwezi huu, kijana." Akacheka. "Haya, sawa. Mpe katibu wangu tarehe. Unaitwa nani vile?"

Kirahisi hivyo! Crisanto aliondoka moyo ukimdunda, akaipeleka pikipiki mbio hadi kwenye kibanda cha mama mkwe wake, ambako mchumba wake Maylin alikuwa akiwapakulia wateja supu ya tambi.

"Amekubali! Mhandisi Montalbo akiwa baba yangu wa ndoa, nani ataniacha nje ya mradi wa hospitali?"

"Hongera. Parokia inataka majina manne tu ya mababa wa ndoa, nasi tunayo tayari. Nani anatoka?"

Crisanto alichezea kijiko. "Mzee Dolfo ataelewa."

Maylin aliweka upawa chini. Mzee Dolfo, mpima ardhi, ndiye aliyemfundisha Crisanto kazi, juani, bila kumdai kitu. Ndiye aliyekesha naye hospitalini siku tatu, baba yake alipokuwa akikata roho.

"Ataelewa nini? Mzee wa watu ameshaweka meno mapya ya mbele kwa ajili ya picha zako! Jana kapita hapa anacheka ovyo, mtaa mzima tuyaone."

"May, natafuta maisha yetu. Ndivyo watu wanavyopata kazi hapa mjini."

"Huyo Montalbo anajua kuwa baba yako alifariki?"

"Atajuaje? Ndiyo kwanza tunafahamiana."

"Basi niambie, unanioa mimi au unaoa chama cha wahandisi?"

Mteja mmoja alipaliwa na supu kwa kicheko. Crisanto aliondoka bila kula.

Nani wa kumlaumu? Mji ulimfundisha kwamba cheti peke yake hakifungui mlango, kwamba lazima pawe na jina kubwa nyuma yako. Ni aibu ya mji kabla ya kuwa aibu yake. Lakini mji haukumshika mkono alipolifuta jina la Dolfo. Alilifuta mwenyewe, kisha akajigeuzageuza kitandani.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, alisimama kwenye dirisha la ofisi ya parokia, orodha mkononi. Kanisani ilikuwa ikifungwa ndoa ya vijana wengine, na mlango wa pembeni ulikuwa wazi.

"Leta basi, kaka, nina kazi," alisema karani.

Humo ndani mababa wa ndoa waliitwa mmoja mmoja kutia sahihi. Likaitwa jina la Mhandisi Montalbo. Crisanto alinyoosha shingo.

Aliyeinuka ni mwanamume mwenye sare ya udereva, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Dada, niazime kalamu, nirekebishe jina moja," Crisanto alimwambia karani, macho yakiwa kulekule.

Dereva alitia sahihi, akachomoa bahasha mfukoni, akasoma juu yake jina la bwana harusi, ndipo akamkabidhi bahasha na kumpa mkono. Bwana harusi aliupokea. Lakini alikuwa akichungulia nyuma ya bega la dereva, kule kwenye mlango mkubwa, kuona kama kuna mtu mwingine anakuja.