Kompyuta Iliyojua Nani Anavuta Tumbo

Wewe ukipimwa nguo, huwa unavuta tumbo ndani? Usinidanganye. Nimeshona gauni za kwaya hapa River Road miaka mingi, na wasiovuta ni wachache sana.

Ndio maana marehemu mzee wangu, aliponunua ile kompyuta ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, alimwambia aliyetutengenezea programu: huyu mama akiweka nyota kando ya jina la anayevuta tumbo, iongeze inchi mbili kwa kiuno kabla karatasi ya vipimo vya kukatia kitambaa haijatoka. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini nyota najua kuweka.

Juzi mjukuu wangu, msichana wa kazi za kompyuta huko Westlands, akaniambia, "Shosho, watu wanataka kuagiza kwa simu." Nikasema sawa. Akabeba vipimo vyote, akaviweka kwa kompyuta mpya. Ile ya zamani tukaifunika na leso.

Kwaya moja ya Loresho, wateja wetu wa zamani, ikaagiza gauni za Pasaka. Tukashona ya kwanza, mwalimu wao akaja kuijaribu. Alipovuta pumzi aimbe, zipu ikaachana mgongoni.

"Mama, hii ni yangu ama ya mtoto wangu?"

"Ni yako. Ya ile siku ulijikaza."

Akacheka, lakini akasema zingine zikikuwa hivyo, wataenda kwa fundi mwingine. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu. Nikamwita mjukuu.

Mjukuu akasema, "Nilibeba namba peke yake. Hizo nyota nilidhani ni uchafu, nikaziacha."

"Si ungeniuliza?"

"Si ungeniambia, shosho?"

"Nikuambie watu wanavuta tumbo? Hiyo nani hajui?"

Basi akatoa leso, akawasha ile ya zamani, akaandika programu ndogo ya kukaa katikati, kama mkalimani. Agizo likiingia kwa simu, hiyo ndogo inaenda kuuliza ile ya zamani, ya zamani inapiga hesabu na nyota zake, jibu linarudi. Mwalimu alijaribu ya pili, akaimba ubeti mzima hapo dukani, mafundi wakaacha cherehani kumsikiliza. Zote tukamaliza kabla ya Pasaka.

Nikamuuliza mjukuu, na hii nzee utaizima lini? Akaniahidi atahamisha vitu zake kidogo kidogo, mimi nikiwa nimekaa hapo kando namwelezea, na hataizima mpaka mimi mwenyewe nimwambie imemaliza kusema.