Mawe ya Darasa Letu

Mwezi uliopita nilipanda tena kilima chetu, huko ndani ya Geita. Nyumba moja ilikuwa inachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na harufu yake ikanirudisha papo hapo kwenye umri wa miaka tisa, jiwe kichwani.

Shule ya kilimani pale tuliijenga kwa vichwa, rafiki yangu. Shule nyingine ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, na mto ule ulikuwa umeshachukua watoto wawili wa kwetu. Mwalimu alisema tukipata darasa moja kabla ya masika, hatutavuka tena. Kila mtoto jiwe moja, kila asubuhi. Bibi aliwapikia mafundi michembe kwa karanga. Baba alijenga kona, akaipigapiga kwa kiganja kama anayesifu ng'ombe.

Mimi na binti wa jirani tulikuwa wavivu. Tulichukua mawe yaliyokwisha kupasuliwa, kwenye shimo walilolihama wachimbaji.

Ukuta ulipofika usawa wa dirisha, mchimbaji mpita njia akauegemea. Akatemea jiwe mate, akalisugua kwa kidole gumba. Likameta.

"Oya, mwalimu! Mnajengea dhahabu?"

Adhuhuri nyundo zilifika, wachimbaji na wanakijiji pamoja. Mwalimu akasimama mlangoni, mikono kaitanua.

"Jamani, humu watasoma watoto wenu!"

"Watasoma nini, mawe?"

Wakacheka. Kisha mtaimbo ukamvunja mkono. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Walipigania mawe wao kwa wao, mmoja akamng'ata mwenzake sikio, damu ikachuruzika kwenye udongo mbichi wa ukuta.

Ndipo nikamwona baba kwenye kona yake, na nyundo.

"Ng'wanawane," bibi alimwita, "mwanangu, si ukuta wako huo?"

"Niache, mama! Nikiacha mimi, watabeba wengine."

Hakumtazama. Akapiga.

Mwalimu alishushwa bondeni kwa baiskeli, hakurudi. Mawe yalisagwa, na dhahabu iliyotoka haikutosha kufunika ukucha. Sikumwambia mtu tuliyatoa wapi. Masika yalipoanza nilipelekwa kwa shangazi, kule Tinde, nikasoma huko. Binti wa jirani alibaki. Mama yake aliuogopa mto.

Palipokuwa darasa sasa ni dimbwi la vyura. Mwenzangu yule wa mawe nilimkuta kwake, tukakumbatiana, tukacheka mpaka machozi. Kisha akawatuma watoto wake nje, akanisogezea simu yake.

"Baba yao kaandika tangu juzi," akasema chinichini. "Nisomee."

Nikasoma polepole. Macho yake hayakuwa kwenye simu. Yalikuwa kwenye midomo yangu.