Gliserini Haina Harufu

Mama alianza kuchuma chai kabla sijazaliwa, na kwa sababu hiyo nyumba yetu ya Bulyaga haikuwahi kunukia. Majani mabichi ya chai hushika harufu upesi. Wachumaji walionywa kwamba mmoja akijipaka manukato anaweza kuharibu kikapu kizima, na pale kwenye mizani mnyapara aliwanusa viganja. Nimemwona kwa macho yangu, mwanamume mzima ameinama kunusa mikono ya mama yangu. Mama alimnyooshea tu, akiangalia pembeni.

Kwa hiyo alipaka gliserini. Miaka ya uhaba tuliitafuta kwa tochi. Enzi za ruksa zilipoingia na biashara kufunguliwa, ikajaa madukani pamoja na losheni za kila rangi, na Jumapili kanisani ukipita kati ya mabenchi unasikia manukato ya kila mke wa mtu. Mama alibaki na kichupa chake. Maji mazito kama asali, matamu pia. Nilipokuwa na kikohozi alinilambisha tone moja kidoleni. Na harufu hayana, hata ukinusa vipi.

Asubuhi moja ya Julai, baridi imenipasua vidole, niliipaka kwenye ngozi kavu. Ikawaka kama pilipili. Mama alinicheka, halafu akanieleza kuwa gliserini ina kiu, usipoipa maji itayanywa ya kwenye ngozi yako. Yeye alinawa kwanza, hakujifuta, ndipo akadondosha matone kwenye viganja vilivyolowa na kusugua hadi kwenye mipasuko iliyojaa weusi wa utomvu. Ukungu wa Tukuyu ulifanya kazi iliyobaki. Ngozi ilikaa na unyevu mpaka wakati wa kupima majani.

Wenzake walimtania kwa kutonukia. Yeye aliwajibu kwamba siku akiacha chai atajipaka mpaka mchungaji apoteze mstari.

Kisha shamba likauzwa. Waliitwa wote, wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri, watakaohitajika watafuatwa. Mama alirudi na kikapu kitupu. Mimi nilikuwa Mbeya, nauza kwenye duka la vipodozi, na habari ilinikuta nikipanga chupa kwenye rafu. Niliendelea kupanga. Nilijua napaswa kulia, lakini nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, naubonyeza na hausemi kitu.

Mwisho wa mwezi nilimchukulia losheni nzuri kuliko zote dukani, ya waridi. Kabla ya kufika nyumbani nilipitia shambani, nikamuuliza mnyapara mpya. Alinijibu kwa upole kwamba mwenye mali anataka vijana, wamama wa zamani hawataitwa tena. Nikamshukuru, nikaaga. Njia nzima nilikuwa nafikiria mvua, na kama nguo zimeanuliwa.

Mama aliipokea losheni kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu," alishukuru, akaigeuza geuza, akaiweka juu ya kabati karibu na Biblia. Hakufungua.

Asubuhi nilimkuta jikoni ameshanawa, kile kichupa cha zamani mkononi. Kikapu kilikuwa mlangoni, kimepanguswa. Nikamkumbusha maneno yake kuhusu siku atakayoacha chai.

"Nani amekwambia nimeacha?" akasema. "Wamesema nisubiri. Wakinifuata leo, nikaenda nanukia, si watanirudisha?"

Nilisogea nimwambie aliyosema mnyapara. Mikono yangu ilikuwa inanuka waridi, ile harufu ya dukani ambayo nilikuwa nimeacha kuisikia, na sasa ilijaa jiko zima. Nikaona mama anarudisha viganja vyake kifuani, polepole, asije akagusana nami.

Nilitoka nje penye ndoo ya maji. Nilinawa kwa kipande cha sabuni ya kufulia, nikasugua mpaka kwenye viwiko, nikanusa, nikarudia. Maji yalikuwa baridi na vidole havikuhisi kitu. Niliporudi sikujifuta. Nikamnyooshea mikono.

Mama akainama, akainusa. Kisha akanidondoshea, mkono huu na huu, tukakaa tunasugua viganja, yeye akiangalia mlango.